Mfugaji wa Nyigu Wasiouma

Ndugu, majirani na mliofanya kazi na marehemu, haya nitakayosoma nimeyaandika mimi mdogo wake, wanawe wawili wameyapitia, na jana ofisi yake ya zamani ilituomba tuondoe sehemu moja, hatukuiondoa.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Nyigu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika chumba cha uani ambamo mama yetu alishonea nguo za watu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mwashi. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na mwaka 1982 akapata cheti cha kilimo, ingawa mwalimu mmoja alimwambia kwamba msichana anayeogopa jongoo hafai kwa kazi hiyo, na kweli jongoo aliwaogopa hadi mwisho.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika chumba cha wadudu cha kituo cha utafiti wa mazao, kazi yake ikiwa kuzalisha nyigu wadogo kuliko punje ya mtama, wasiomuuma mtu, ambao hutaga mayai ndani ya wadudu weupe kama unga wanaonyonya muhogo, na buu likianguliwa humo humla mwenyeji wake. Kila asubuhi aliwafyonza kwa mdomo kupitia mpira mwembamba wakaingia kwenye kichupa, kitambaa kikiwazuia wasifike kooni, wenzake wakimtania kwamba huyo ameshakunywa chai.

Tarehe 12 Septemba 1987 aliolewa na fundi wa malori, shemeji yetu aliyetutoka mwaka 2014, wakajaliwa binti ambaye ni muuguzi na kijana mchomelea vyuma.

Mwezi Mei 2009 dada aliachia nyigu elfu sita katika mashamba arobaini. Siku tisa baadaye mkuu wa kituo, ambaye wakulima walimwita Bwana Bomba, aliagiza mashamba hayo yapigwe dawa, kwa kuwa wageni wa ukaguzi walikuwa njiani na hakutaka waone mdudu hata mmoja. Dada alisimama mbele ya gari la dawa, akaeleza kwamba nyigu watakufa, na wale weupe, waliojificha chini ya ule unga wao wa nta, watabaki wazaane bila adui, akaambiwa asogee, akasogea, na kwa kusogea huko hakujisamehe. Yote aliyoyasema yalitokea, wakulima waking'oa mihogo myembamba kama vidole, kisha ikaandikwa ripoti kwamba nyigu wameshindwa kazi, akatakiwa atie saini. Alikataa. Tarehe 1 Septemba 2009 alihamishiwa stoo ya karatasi, na huko ndiko alikostaafia mwaka 2021.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ripoti ile ni uongo, iliandikwa na wasomi waliojua kwamba ni uongo, na baadhi yao wamekaa hapa mbele, kwenye viti tulivyowapangia wenyewe.

Nyigu walikuwa wamesalia katika shamba la mjane mmoja aliyefunga geti na kukataa kulifungua, na kwa hao dada alianza upya nyuma ya jiko lake, kwa ndoo kumi na moja za miche ya muhogo chini ya chandarua kikuukuu. Kwa miaka kumi na mitatu wakulima walimjia kila Jumamosi na vichupa, mihogo ikanenepa tena, na ripoti haikubadilishwa hata neno.

Novemba 2022 alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa ni figo, na Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa amelazwa. Wiki ile alituuliza kama ripoti imesahihishwa, tukamwambia inashughulikiwa. Tulimdanganya, na tumekasirika kwamba ilibidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliovumilia ndoo zile, mtunza stoo mwenzake aliyemletea matunda kila Ijumaa, na mama mjane, ambaye leo amekuja kwa miguu. Bwana Bomba, mkuu mstaafu, ameomba nafasi ya kusema machache kuhusu mchango wa marehemu. Familia imemnyima. Kama ana la kusema, akaliandike kwenye ripoti.

Dada, pumzika kwa amani, ile ambayo kazini walikunyima.