Aliyekataza Kufagia Wageni Wakiwa Mezani

Tarehe 9 Aprili 1971 kulikuwa na manyunyu kutwa nzima. Siku hiyo alizaliwa marehemu dada yetu, kifungua mimba wa baba mwashi na mama mshonaji.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, halafu chuo alikosomea kompyuta. Likizo moja aliona makombo chini ya meza, akashika ufagio watu wakiwa bado wanakula. Mama akamwambia, "Mwanangu, hufagii wageni wakiwa mezani. Fagia kabla hawajaja, au wakishaondoka." Tulimcheka hadi akasusa chakula, lakini neno lile hakulisahau.

Mwaka 1996 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza mashine za wodini, zile zinazochora mapigo ya moyo na kupiga kengele yakienda kombo. Yeye aliandika programu inayousikiliza moyo. Lugha za kompyuta za siku hizi zina raha zake: programu hutumia kumbukumbu ya mashine ovyo, na mfagiaji wa ndani kwa ndani hupita kuisafisha apendapo. Akifagia, kazi nyingine husimama kidogo. Kwenye sehemu za kutunza majina na kuchapa ripoti, marehemu aliruhusu raha hizo zote. Kwenye sehemu ya moyo alizipiga marufuku: kumbukumbu yote itengwe mashine inapowashwa, na mfagiaji asikanyage. Wenzake wakambandika jina la Bi Marufuku.

"Dada, unatuchosha," mmoja alimwambia. "Lugha inajifagia yenyewe."

"Inafagia saa ngapi?"

"Ikijisikia."

"Na moyo nao usubiri ijisikie?"

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na fundi wa kupaka rangi magari, ambaye hutania kwamba nyumbani kwao hata kijiko huhitaji kibali. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 mkuu mpya aliona kazi inakwenda polepole, akaifuta marufuku ile. "Wewe ni breki," alimwambia mbele ya watu. Marehemu akajibu, "Hata gari lililokatika breki lina mwendo." Akahamishiwa kuandika vitabu vya maelekezo. Baadhi ya waliopiga makofi siku hiyo tuko nao hapa, na shada lao la maua ni kubwa kuliko yote. Tunawashukuru.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alilazwa tarehe 3 Juni 2024, katika wodi yenye mashine za kampuni ile, toleo jipya. Alasiri ya tarehe 14, mstari wa moyo wa mgonjwa wa kitanda cha pili uliganda, kisha ukaruka mbele.

"Hizi mpya huwa zinasita kidogo, mama," muuguzi alisema. "Usiwe na wasi."

Marehemu akanigeukia mimi niliyekaa kando ya kitanda chake. "Wanafagia. Wageni wako mezani."

Alipiga simu ofisini. Wakamwambia augue pole.

Alifariki tarehe 16 Juni kwa maradhi ya figo. Mashine haikumuua, daktari amelithibitisha hilo, nasi hatusemi vingine. Ameacha mama, mume, mabinti wawili na mimi mdogo wake.

Sasa apumzike kwa amani, maana asubuhi iliyofuata simu ile alikataa kupumzika. Alimwomba muuguzi asogeze kitanda chake karibu na cha jirani yake yule wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa hajitambui, akamshika kifundo cha mkono, akafumba macho, akaanza kumhesabia mapigo kwa vidole.