Ng'ombe Mmoja Ndani ya Mji

Nguzo ile ya stima ililetwa na lori hapa senta ya Kamuthanga mwaka ambao Muthoni alikuwa darasa la tatu, ikalazwa kando ya poshomili, kinu cha kusaga mahindi, ingoje mafundi. Muthoni sasa yuko kidato cha nne, mafundi hawajaonekana, na nguzo imelainika kwa kukaliwa. Veronicah, mama yake, huweka jiko na sufuria ya kahawa mbele ya nguzo hiyo kila asubuhi, na wanaume watatu hufika kabla makaa hayajashika. Wa kwanza ni Diwani, ambaye jina lake ni Nyaga na ambaye hajawahi kuwa diwani. Amesimama mara mbili, ameanguka mara mbili. Wa pili ni Nyamu, anayeitwa Sindano kwa sababu kazi yake ni kupandisha ng'ombe za watu kwa mrija, bila dume. Wa tatu ni mzee Ishmael, au Bikoni, yaani jiwe la mpaka, aliyeshika mnyororo wa kupimia mashamba siku zile wapima walipokuja kugawa ardhi. Jumamosi hii hawakubishana mpira. Ukutani mwa poshomili palikuwa na karatasi ya kaunti: kamati ya ardhi na mipango imeamua kwamba Kamuthanga si senta tena, ni mji, na ndani ya mpaka wa mji, mwenye ploti iliyo chini ya robo eka haruhusiwi kufuga ng'ombe kuanzia Jumatatu. Ploti ya Veronicah ilikuwa nusu ya hiyo robo. Saa nne angekuja mtu wa Siakago kumchukua Kairu, ng'ombe wake wa pekee.

— Mama Muthoni, ongeza maziwa kidogo, alisema Diwani. Tuagane na Kairu vizuri.

— Kunywa hiyo. Hajafa.

— Sijasema amekufa. Nasema haba na haba hujaza kibaba.

— Na hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Sindano.

— Inaingia. Kunywa pole pole utaona.

Veronicah alipuliza makaa. Alikuwa ameamka saa kumi na moja kama kila siku, akakamua, akampa Kairu majani ya nepia aliyoyakata jana, asimsemeshe. Ni yeye mwenyewe aliyemwita mnunuzi, Alhamisi, kwa simu, bila kuuliza mtu. Anayengoja askari wa kaunti wafike langoni huuza kwa hasara, na yeye hakutaka Muthoni aone mama yake akivutana kamba na askari.

— Hii si kaunti, alisema Sindano. Hii ni watu wa maziwa ya pakiti. Ng'ombe zikiisha, mtanunua pakiti. Mkinunua pakiti, mimi nitalala njaa. Ni mpango wa kunimaliza mimi.

— Wewe nani anakujua? aliuliza Diwani.

— Nimepandisha nusu ya ng'ombe za hii lokesheni! Hata Kairu ni kazi yangu. Mama yake pia ni kazi yangu.

— Basi wewe ni babu yake, alisema Bikoni. Nenda umuage mjukuu.

Wakacheka. Diwani akangoja kicheko kiishe, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Nyinyi hamsomi. Ng'ombe akicheua anatoa hewa. Hiyo hewa inapanda inatoboa anga. Sasa Wazungu wana mashine huko juu, inahesabu. Imeona Kamuthanga tumezidisha.

— Tumezidisha na ng'ombe kumi na nne? aliuliza Sindano.

— Kumi na nne unazoziona wewe. Mashine inaona na zile za zamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Nyote watoto, alisema Bikoni. Ni josho wanataka.

Josho la Kamuthanga, pale ng'ombe walipokuwa wakioshwa dawa ya kupe, lilikauka miaka mingi iliyopita. Limebaki shimo la saruji na nguzo mbili, na mbuzi hupumzika ndani.

— Siku tunapima, mpima aliweka dira yake hapo josho, akaendelea Bikoni. Ile sindano ikazunguka kama mlevi. Mpima akaniangalia, akafunga kitabu, akasema, "Ishmael, tuendelee mbele." Hakuandika kitu. Kuna madini chini. Na huwezi kuchimba madini kama kila Jumanne watu wanaleta ng'ombe.

— Mzee, ni nani analeta ng'ombe josho siku hizi? aliuliza Diwani.

Bikoni akazungusha kikombe chake.

— Walikuwa wanaleta, akasema.

Veronicah aliyakumbuka mambo hayo bila kuombwa. Kila Jumanne baba yake alimkosesha shule kipindi cha kwanza, naye alishuka na ng'ombe watatu kwenye ukungu mzito kiasi kwamba aliona makwato tu. Njia yote ilijaa ng'ombe za watu. Ulijua huyu ni wa nani kwa kengele, au kwa sauti ya mtoto anayemfokea. Josho lilinuka dawa kali ya kuchoma pua, na ng'ombe alipotumbukia alitoa macho kama mtu aliyesikia habari mbaya. Mwalimu hakumchapa mtu Jumanne, maana na yeye alikuwa amechelewa akitoka josho. Maduka yalikuwa mawili. Hakuna aliyepaita mahali hapa senta, sembuse mji. Walipaita "pale joshoni", na barua zilifika.

— Ilikuwa raha, alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

— Ilikuwa raha, Mama Muthoni, alisema Bikoni. Tulipokuwa tunapima, kila boma tulipewa maziwa. Kibuyu hiki, kibuyu kile. Tukifika jioni, mpima hawezi kutembea.

— Ndiyo maana shamba la baba yangu limepinda, alisema Sindano.

— Limepinda kwa sababu mama yako alitupa maziwa matamu.

Diwani aliona mazungumzo yamemponyoka. Akasimama, akaelekeza kidole kwenye karatasi.

— Kama ningekuwa kwa hiyo kamati, hii ingepita? Haingepita. Hawakuuliza mwananchi! Mwananchi amefungiwa mlango!

— Umeisoma? aliuliza Veronicah.

— Nimeisoma.

— Mpaka chini?

— Mtu mzima husoma kichwa cha habari.

Veronicah alijifuta mikono kwa aproni, akaenda ukutani. Hakuwa na subira na wanaume wanaosoma mstari mmoja. Shuleni aliambiwa swali husomwa mpaka nukta ya mwisho. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "Uamuzi huu umefanywa kufuatia ombi la wakazi wa Kamuthanga, lililotiwa sahihi na watu sitini na wawili..." Palikuwa na tarehe. Ilikuwa ya mwaka ule ule wa nguzo.

Akageuka. Watatu hao walikuwa wakitazama vikombe vyao.

— Diwani, ile barua ya taa uliiandika vipi?

— Barua gani?

— Ile uliyozunguka nayo ukiomba kura mara ya kwanza.

— Aah, ile. Niliomba mulika mwizi. Taa moja ndefu, tuweze kufanya biashara jioni.

— Uliomba taa peke yake?

Diwani alikuna shingo.

— Jamaa mmoja wa ofisini aliniambia senta haipewi taa, mji ndio unapewa. Kwa hivyo nikaandika tunaomba tupandishwe tuwe mji, tupate taa. Sasa mimi ningejua mji hautaki ng'ombe?

— Niliweka sahihi, alisema Sindano polepole. Mara mbili. Uliniambia majina hayatoshi.

— Na mimi nilimwekea ndugu yangu, alisema Bikoni. Alikuwa amekufa, lakini taa aliipenda.

Walimtazama Veronicah. Hakuwa na pa kukwepea.

— Mimi pia, alisema. Nilikuwa nakamua mama yake Kairu na tochi nimeiuma kwa meno. Nilitaka taa kuliko nyinyi nyote.

Miaka karibu kumi ombi lao lilikuwa limelala kwenye faili fulani, nalo lilipoamka, lilikuja bila taa.

Saa nne na robo, bodaboda ilipita mbio, ikafika kwenye kona ya kanisa, ikageuka ikarudi. Abiria alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kofia ya jua, na kamba mpya imezungushwa begani.

— Habari zenu. Mimi ni Nthiga, natoka Siakago. Namtafuta mama mmoja anauza ng'ombe.

— Ni mimi. Karibu. Keti, unywe kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Diwani.

— Hapo umepatia, alisema Sindano. Kwa makosa.

Nthiga aliketi, akashika kikombe kwa mikono miwili, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kulia kulikuwa na migomba na kahawa ya watu. Kushoto kulikuwa na maduka saba, kanisa, na kuku.

— Samahani kwa kuchelewa, mama. Uliniambia unauza sababu mmefanywa mji, kwa hivyo nilimwambia dereva anishushe mji ukianza. Tumepita mara mbili. Unaanzia wapi?

Sindano alinyoosha mkono kuelekea kanisani, akaurudisha.

Veronicah alirudi ukutani. Karatasi ilisema mpaka ni "kama unavyoonekana kwenye ramani iliyoambatishwa." Aliinua karatasi, akatazama nyuma yake. Palikuwa na ukuta.

— Mzee Ishmael, alisema, na hakumwita Bikoni. Wewe ulishika mnyororo hapa. Unajua kila jiwe. Ploti yangu iko ndani au nje?

Mzee alitazama upande wa josho, kisha upande wa bonde. Alitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtu aliyeahidiana naye.

— Siku zetu, mpaka ulitembewa kwa miguu, alisema. Huu sijautembea, mama. Huu hakuna aliyeutembea.

Nthiga alisubiri. Kamba ilikuwa bado begani.

— Sasa, mama, ng'ombe tunamfanya nini?

Veronicah aliinua kifuniko cha sufuria, akaona kahawa imefika chini, akaifunika tena.

— Kunja kamba yako, baba, uende salama. Jumatatu wakija na ramani, wanionyeshe huo mstari uko wapi. Kairu akiwa ndani ya mji, nitamvusha upande wa pili.

Akachukua ndoo, akaenda kumnywesha ng'ombe wake maji.