Miaka Minne kwa Jina la Mwingine

Asalaam aleikum akina mama, na wale wa Bwana asifiwe nao nawasalimu. Naomba feni ipunguzwe kidogo, sauti yangu si kubwa. Majina ya watu sitataja.

Nilifeli darasa la saba. Baba yangu aliuza viatu vya mitumba Mchikichini, na ndoto yake ilikuwa moja: nisome ile shule ya sekondari ya Kiingereza pale Kariakoo. Wakubwa humu mnaikumbuka. Walimu wastaafu waliianzisha kwenye vyumba viwili juu ya ghala la vitenge, baadaye ikachukua ghorofa ya tatu yote. Asubuhi tulipanga mistari juu ya paa, katikati ya matangi ya maji. Chini wafanyabiashara wanapiga vipaza sauti, juu sisi tunasomeshwa mashairi. Watoto wa wenye maduka kutoka Kilimanjaro walikaa dawati moja na watoto wa Magomeni, na sheria ilikuwa ya wote: Kiswahili kinaishia ngazi ya kwanza. Hata ukijikwaa, ulie kwa Kiingereza.

Lakini shule ilitaka aliyefaulu. Rafiki wa baba alikuwa na binti aliyefaulu, akachukuliwa na shangazi yake nje ya nchi. Baba akaomba karatasi zake, akapewa. Nikaingia kidato cha kwanza kwa jina la msichana yule.

Ndugu zangu, mnadhani kujificha pale kulikuwa kugumu? Nilikuwa naitwa mara mbili ndipo naitika, na walimu wakasema, masikini, Kiingereza kinamtatiza.

Nikiwa kidato cha tatu, siku moja saa nne asubuhi, mama alipanda zile ngazi. Nilimwona kupitia dirisha la darasa, kanga imelegea, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Ofisini, mlango wake ukitazamana na darasa letu, akaniulizia kwa jina langu la kweli. Mkuu wa shule, mama mmoja mkali, akafunua daftari la mahudhurio, akamwambia kwa Kiingereza, karani akitafsiri, hatuna mtoto huyo.

"Yupo," mama akasema. "Yule pale, wa pili kutoka dirishani. Nyumbani ndivyo tunavyomwita."

Nikaitwa. Mkuu akaniuliza kwa Kiingereza, huyu ni nani wako?

Nilimtazama mama. Nikajibu, "Jirani yetu, Madam."

Mama hakushtuka. Akavuta kanga yake. "Ndiyo mwalimu, mimi jirani tu. Baba yake kaanguka sokoni, yuko hospitali. Anamwita."

Mkuu akasema sheria ya shule inajulikana: mwanafunzi haondoki na jirani. Mzazi aje mwenyewe, au alete barua.

Mzazi alikuwa amesimama mbele yake, akina mama. Nikarudi darasani, mama akashuka peke yake. Nilipofika hospitali saa kumi na moja jioni, baba alikuwa amekwisha kufunikwa shuka.

Mama hakulitaja jambo lile hata mara moja. Nikamaliza shule, nikapata cheti, nikapata kazi ya ukarani. Kisha vyeti vikahakikiwa. Mwenye jina alikuwa amerudi nchini, na yeye ana kazi. Watu wawili, jina moja. Nikatolewa.

Nikapanga chumba Buguruni, nikauza viatu Mchikichini kama baba. Harusi niliacha kwenda, maana watu wataniuliza niko wapi siku hizi. Nawaambia ukweli, kuna siku nilikaa juu ya robota la viatu tangu asubuhi bila kulifungua, naomba kesho isinikute.

Siku moja akaja mteja kutafuta raba za mjukuu. Alikuwa yule mkuu, amezeeka. Akaniita kwa jina la yule msichana.

Sijui nilipata wapi nguvu. "Shikamoo Madam. Hilo si jina langu."

Akaweka raba chini. Akanijibu kwa Kiswahili, na tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akikisema. "Marahaba. Na yule mama wa siku ile?"

"Ni mama yangu mzazi."

Akakaa juu ya robota, watu wanapita wanamgonga mabega.

"Nilikudanganya, Madam."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa na macho. Jirani gani anapanda ghorofa tatu na ndala moja?" Akajifuta uso. "Kamwombe mama yako radhi. Halafu Jumatatu saa kumi uje shuleni, kuna darasa la watu wazima."

Mama nilimkuta anachambua mchicha. Nikapiga magoti, nikalia.

"Ungesema mama yako, wangekufukuza," akasema. "Na mimi si niliitikia? Tulidanganya wote. Nyanyuka, unauponda mchicha."

Mtihani wa maarifa, ule wa kuruhusiwa kufanya wa kidato cha nne, nikaupita. Wa kidato cha nne nikafeli, nikarudia, nikapata daraja la tatu. Msicheke! La tatu, lakini cheti kina jina langu.

Namshukuru mwalimu yule. Namshukuru mama, aliyekaa pale karibu na mlango na hapendi nimtaje. Na ninyi, mlionipokea kikundini bila kuniuliza.

Najua humu ndani yupo mzazi mwenye karatasi za mtoto wa mtu kabatini. Anifuate baada ya kikao, nitamsindikiza mwenyewe kwa mwalimu. Aliyefeli mtihani ana pa kuurudia. Baba yangu aliniita mara moja, na pa kurudia hilo sijapaona mpaka leo.