Mkanda wa Mashine

Mbele yangu kwenye basi, dada mmoja alikuwa amepakata mkanda wa mashine ya kusaga chupa za plastiki. Simu yake ikaita, akaizima. "Mwekezaji wangu huyo," akamwambia mzee aliyeketi pembeni yake. "Leo kaalika wageni waone mashine niliyoiunda mimi, anawaambia ni yake."

"Lakini mtaji katoa yeye, binti. Mkono mtupu haulambwi."

"Kanunua robo ya kampuni, baba. Mimi sikuwemo kwenye bei."

Mimi kituo changu kilikuwa kimeshapita kwa kuwasikiliza, na mzee bado hakuridhika. "Akikasirika akaondoa pesa zake?"

"Akasirike! Kwanza aiwashe bila huu mkanda."

Basi likasimama mbele ya karakana. Wenye tai walikuwa wameizunguka mashine iliyonyamaza. Dada akajivika mkanda shingoni, akashuka bila haraka.