Mbegu Zilizotoka Nyumbani Kwake

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimjua kama Mama Pilipili, alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mshona nguo. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, alinilea mgongoni. Mkinisikia nina hasira, mnivumilie.

Alisoma hadi darasa la saba, akajifunza upishi, na mwaka 1978 akaajiriwa katika jiko la shule ya bweni. Wanafunzi walimwogopa kuliko mwalimu wa nidhamu, ila sahani walizirudisha tupu.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na shemeji, huyu aliyekaa mbele. Siku aliyokuja kujitambulisha, shemeji alijitilia pilipili kijiko kizima, machozi yakamtiririka, akasema, "Mbona haiwashi?" Dada alicheka hadi akashika ukuta. Alituambia jikoni, "Huyu mwongo nimempenda."

Alipostaafu aligeukia bustani yake nyuma ya jiko. Pilipili mbuzi zake zilikuwa za manjano, na harufu yake ilikufikia kabla ya ukali. Pilipili hoho alizipanda upande wa pili wa nyumba ili mbegu zisichanganyike. Mbegu hakumpa mtu. Ukimwomba pilipili moja tu ya mboga, aliipasua, akakwangua mbegu zote, ndipo akakukabidhi. Aliyoisaga aliitia kwenye chupa na kuiuza kwa mgahawa wa jirani, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Mwaka 2016 mgahawa uliacha kuchukua, bila kumwambia sababu. Dada akadhani mkono wake umeharibika. Akapunguza siki, akaongeza kitunguu saumu, akanionjesha. "Niambie ukweli, imepungua nini?" Haikupungua kitu. Shemeji alikuwa pale pale mezani, anakula, kimya.

Mwaka jana alianza kuugua moyo. Januari mwaka huu, dada akiwa amelazwa, shemeji alimletea chakula kutoka mgahawa uleule. Dada alionja, akaweka kijiko chini.

"Pilipili hii ni yangu. Nani kawapa mbegu?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Waliniomba, mke wangu. Niliona haya kukataa."

"Na mimi je? Miaka yote unaniona nahangaika na masufuria, hukuona haya?"

Dada aligeukia ukutani akalia, nami nikamshika mkono. Niliumia, na bado naumia. Sitalificha hilo mbele ya jeneza lake.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake. Mume nimemtaja wa kwanza kwa agizo la marehemu mwenyewe. Nilipomuuliza kama amemsamehe, alisema, "Wewe msome tu wa kwanza." Nimemsoma.

Mwenyezi Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo nyumbani kwake hakulipata.