Mnara wa Uru na Maombi ya Mama Masika

Jumamosi, 27 Septemba 2025. Asubuhi ya jua, upepo wa vumbi. Hotuba ya kumuaga Mzee Ishaka, mwongoza wageni anayestaafu pale makumbushoni, kama nilivyoisema:

Mheshimiwa Mkurugenzi, viongozi wetu wa makanisa na msikiti, Mzee Ishaka na familia yako, ndugu zangu wahamiaji wa mitaa ya Jeppestown, Bertrams na Bellevue, habari za mchana.

Mimi Saida hukaa mlangoni, nakata tiketi. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba chumba cha Mzee kinakufa. Mnajua kilichomo: mfano wa mnara wa hekalu la Uru, kule Iraki, uliojengwa kwa matofali ya udongo zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kuuona ule wa kweli. Huu wetu ulikuwa haupati mtu. Mwaka jana tukaambiwa: wageni wasipoongezeka, chumba kitafungwa na Mzee atakwenda nyumbani.

Jumapili moja wakaingia kina mama wa maombi, Mama Masika mbele na chupa ya mafuta.

"Hii kitu njo Babeli!" akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani ndiyo Babeli. "Tunakuja kuiangusha kwa jina la Yesu!"

Je, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mimi nilishika simu nimwite mlinzi. Mzee Ishaka alileta viti. Akavua kofia, akangoja waombe mpaka sauti ziwakauke.

"Mama, mafuta usiyamwage kwenye udongo, tafadhali. Umemaliza? Basi nikuonyeshe mji aliotoka Abrahamu."

"Abrahamu wetu?"

"Maandiko yako yanasema alitoka Uru."

Mama Masika akauzunguka mnara polepole. "Eish! Kumbe baba yetu naye alihama sawa sisi."

Nikadakia: "Nabii Ibrahimu ni wetu pia, mama!"

"Basi kuja tugawane!"

Tukacheka wote. Jumapili iliyofuata wakaleta kanisa zima, nami nikaleta watu wa kwetu Tanga. Watoto wetu wanaotujibu kwa Kizulu wakaanza kutuuliza: nyinyi mlihama kutoka wapi?

Mzee Ishaka, wageni waliongezeka na chumba hakikufungwa. Unastaafu kwa wakati wako, hukuondolewa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Nakushukuru wewe kwa kunifundisha kazi yangu mwenyewe: aliyekuja na hasira naye ni mgeni, apewe kiti. Mkurugenzi ameniruhusu nitangaze kwamba kuanzia Jumatatu, atakayewaongoza wageni kwenye mnara ni Mama Masika. Mama, simama wakuone.

Kwa utulivu mlionisikiliza nao, ahsanteni sana.

Sasa ni saa tano na robo usiku, nalala.