Kifurushi cha Mafundo Matatu

Fundi wa viti vya magari alipanda basi la asubuhi akiwa amepakata kifurushi cha taulo, kakifunga mafundo matatu. Ndani mlikuwa na kufuli ya kiti aliyoibuni mwenyewe, na alikuwa akiipeleka ofisi ya hataza isajiliwe kwa jina lake kabla mjanja hajaiiga.

Kijana aliyekaa kando yake, kalamu mbili mfukoni, akauliza, "Shikamoo mama. Umebeba nini?"

"Marahaba. Sufuria," akajibu, akakikumbatia zaidi. Siku hizi hata kivuli chako si cha kukiamini.

Kijana akagonga kiti cha mbele yao. "Hivi viti vya kukunja vinabana watu vidole, na hakuna fundi wa kuviweza."

Ukimdharau fundi kazi yake, hata akiwa bubu atasema. "Nani kakudanganya, mwanangu? Hamishia springi chini ya reli ya kiti, kufuli inajifunga yenyewe, hata mtoto haumii!"

Kijana akachomoa kalamu, akaandika kitu kiganjani. "Sufuria nzuri hiyo, mama."

Basi likasimama mbele ya ofisi ya hataza. Kijana akawa wa kwanza kushuka, na hakutembea, alikimbia. Mama akatazama mapajani. Mafundo yote matatu yalikuwa yamekaza vilevile.